Gari la Juu, Gari la Chini: Nilivyolipia Safari Mbili kwa Mwaka Mzima

Mwezi Novemba 2021 nilikuwa na shilingi za Uganda milioni 34, kati yake milioni 14 zikiwa akiba yetu na milioni 20 mkopo wa SACCO ya kazini, na nilikuwa na familia ya watu watano iliyochoka kugawanywa kwenye bodaboda mbili kila asubuhi. Tunaishi Kira, nje kidogo ya Kampala, mimi nikifanya kazi Industrial Area na mke wangu akiwa muuguzi wa zahanati moja upande wa Ntinda, ilhali wazazi wangu wako Yumbe, zaidi ya kilomita 500 kwenda kaskazini-magharibi. Mabishano ya nyumbani yalihusu jambo moja: tununue gari la chini, yaani sedani ya jamii ya Premio au Allion, au tununue gari la juu, zile SUV ndogo kama RAV4, Forester na X-Trail?

Mke wangu aliuliza swali moja tu, tukiwa tunakula, wala hakulirudia: “Baba Swabra, tunanunua gari la kwenda Yumbe au la kwenda shule?” Nilimjibu kwamba tunanunua gari la kwenda kote. Jibu lilionekana la busara usiku ule, hasa kwa kuwa baba yangu mdogo wa Koboko, mji jirani na Yumbe, alikwisha kunipigia simu na kunionya nisiwapelekee gari la kukwama njiani wakaitwa watu kusukuma. Sitaficha kwamba onyo hilo lilinigusa mahali ambapo hesabu haifiki. Mtu aliyeondoka nyumbani miaka 12 iliyopita na mfuko wa plastiki anapenda kurudi akiwa amekaa juu.

Nilianzia kwenye bondi za Kampala, mahali magari kutoka Japani yanaposubiri kulipiwa kodi, na huko ndiko nilikojifunza somo la kwanza ambalo kwa bahati mbaya sikulitumia. Wakati ule gari lililotumika lilitozwa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 6, tozo ya miundombinu asilimia 1.5, na juu ya hayo tozo ya mazingira, ambayo ilikuwa asilimia 35 kwa gari la miaka mitano hadi kumi na asilimia 50 kwa lililozidi hapo. Ukizijumlisha, kodi ya gari lenye umri wa zaidi ya miaka kumi inakaribia kulingana na thamani yake lilipofika, na kwa hiyo kila dola ambayo SUV inaizidi sedani kule Japani inafika Kampala ikiwa imekuwa mbili. Tena sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 imezuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo huwezi hata kukimbilia lile la zamani sana ili kuokoa fedha.

Kwa fedha zangu, bondi ilikuwa na sedani chache ambazo ningezifikia nikijikamua kidogo, na haikuwa na SUV hata moja. Muuzaji mmoja aliniambia bila kupepesa macho, “Kaka, kwa pesa hiyo gari la juu utalipata mtaani, si hapa.” Alimaanisha magari yaliyokwisha kutembea Uganda, yenye namba zinazoanza na UA, ambazo kila Mganda akiziona anajua gari limekula vumbi la nchi hii miaka mingi. Ningetulia hapo ningeelewa kwamba sikuwa nachagua baina ya sedani na SUV, bali baina ya sedani yenye afya na SUV iliyochoka. Bei ni ileile. Tofauti ni umri na maradhi. Watu wengi wanaoniuliza leo hawalioni jambo hili mpaka niwaandikie kwenye karatasi.

Nikalipata mtaani. Sitaitaja kampuni iliyolitengeneza, kwa sababu kosa lilikuwa la mnunuzi na la miaka ya gari lenyewe: SUV ndogo ya Kijapani ya mwaka 2007, injini ya lita 2.4, rangi ya fedha, shilingi milioni 33. Fundi aliyelikagua aliletwa na dalali. Ninaiandika sentensi hii polepole ili aibu yake isinipite: fundi aliyelikagua gari langu alilipwa na mtu aliyekuwa akiliuza. Tuliliendesha dakika kumi kwenye lami ya Jinja Road, injini ikiwa tayari imepashwa moto kabla sijafika, nami nikaridhika kwa sababu viti vilikuwa safi na redio ilikuwa inalia vizuri.

Kama ningekuwa na fundi wangu, angetaka kuliwasha asubuhi likiwa limepoa, ausikilize mlio wa kwanza na kuutazama moshi. Angeingia uvunguni. Angesoma pia tarehe ya matairi, kitu ambacho sikujua kama kipo: ubavuni mwa tairi kuna namba nne, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho zikiwa mwaka lilipotengenezwa. Ya kwangu yalisomeka 3214, maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2014. Meno yalikuwa marefu na yamepakwa dawa ya kung'aa, lakini mpira wenyewe ulikuwa na miaka saba na umekauka kama kandambili iliyosahaulika juani.

Desemba ile tulikwenda Yumbe kwa mara ya kwanza tukiwa ndani ya gari letu. Tulipita Luwero, Kafu, Karuma, Pakwach na Nebbi, tukalala Arua, kesho yake tukafika Koboko na kuiacha lami. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Lakini West Nile, kona yetu ya kaskazini-magharibi, mwezi wa Desemba ni kiangazi, mvua zimekwisha, na barabara ile ilikuwa kavu, ngumu, na imejaa vumbi jekundu lililofika hadi ndani ya mikoba ya watoto. Tulipishana na Probox zilizobeba watu na magunia, na Corolla za zamani kuliko ndoa yangu, zote zikienda bila wasiwasi. Nilitazama zile gari za chini zikipita, nikajiambia kwamba ngoja mvua inyeshe zitanijua. Sikujiuliza ni mara ngapi kwa mwaka ningekwenda huko mvua ikinyesha. Likizo ndefu ya shule huangukia Desemba na Januari, na safari zetu nyingi za nyumbani huwa wakati huo, msimu ambao hata baiskeli haikwami.

Tukarudi Kampala, na tarehe 10 Januari 2022 shule zikafunguliwa baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona. Wiki zilezile madereva wa malori waligoma mpakani Malaba wakipinga kupimwa na kutozwa ada ya vipimo, foleni ikarefuka upande wa Kenya, mafuta yakaadimika, na katika baadhi ya miji lita moja ya petroli ikapita shilingi 10,000. Bei ilishuka baadaye, lakini kufikia katikati ya mwaka ilikuwa juu ya 6,000 na haikuonyesha dalili ya kurudi ilikotoka. Nilikuwa nimenunua gari lita ikiwa chini ya 5,000.

Safari zetu za kila siku, kutoka Kira hadi shuleni, Ntinda, kazini na kurudi, zilikuwa kama kilomita 40, yaani karibu kilomita 1,000 kwa mwezi ukijumlisha na za Jumamosi. Katika foleni ya asubuhi, mguu ukitoka breki na kurudi breki, gari lile lilikwenda kilomita 7 kwa lita. Nilianza kuandika kwenye daftari la Swabra lililobaki kurasa nyeupe: lita 143 kwa mwezi, shilingi 6,300 kwa lita, jumla 900,000. Rejesho la SACCO lilikuwa 950,000. Mwezi wa Juni petroli na mkopo wa gari zilikuwa zinatazamana uso kwa uso, na mshahara wangu umesimama katikati kama mwamuzi aliyepigwa na timu zote mbili.

Mambo ya gereji nitayapita haraka. Shokomzoba nne, bushi za mbele, na oili iliyokuwa inapungua bila kuvuja popote, ambayo fundi wangu mpya alieleza kuwa ni ringi za pistoni zilizochoka na akanishauri niongeze lita moja kila wiki mbili badala ya kuifungua injini. Kwa mwaka mmoja nililipa shilingi milioni 3.4 za matengenezo. Spea za gari la juu ni kubwa zaidi na bei yake ni kubwa zaidi; tairi moja jipya la inchi 17 niliambiwa 480,000, wakati jirani mwenye sedani alinunua lake la inchi 15 kwa 250,000. Nikaamua matairi yatasubiri.

Matairi yakasubiri hadi Julai, siku mbili kabla ya Idi el-Haj, tulipokwenda Yumbe kwa mara ya pili. Safari hii mvua ilikuwepo. Baina ya Koboko na Yumbe tulifika mahali ambapo lori lilikuwa limechimba mifereji miwili, udongo mwekundu umelowa na kuteleza kama sabuni iliyosahauliwa bombani, nami nikasema moyoni kwamba hii ndiyo siku niliyoinunulia milioni 33. Nikaingia. Magurudumu ya mbele yakazunguka, matope yakaruka hadi kwenye kioo, na gari likatulia kama ng'ombe aliyekataa kamba. Watoto walinyamaza. Mke wangu aliangalia nje dirishani kwa adabu kubwa.

Vijana watano wakatokea, kama wanavyotokea siku zote, tukakubaliana shilingi 30,000. Mmoja wao alijilaza chali kwenye matope ili afunge kamba, akakaa kule chini muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akatoa kichwa akiwa na tope hadi kwenye nyusi. “Mzee,” aliniambia, “hili gari linavuta mbele tu. Nyuma halina shafti.”

Nikainama kutazama, shati la Idi likigusa ardhi. Alikuwa anasema kweli. SUV nyingi ndogo huuzwa kwa namna mbili, zenye kuvuta magurudumu manne na zenye kuvuta mawili ya mbele peke yake, na kwa nje huwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Lile lenye kuvuta manne lina chuma kirefu kinachotoka mbele hadi kwenye difu ya nyuma, na mtu yeyote anayeweza kupiga magoti anaweza kukiona. Kwa miezi minane nilikuwa nimeendesha sedani yenye miguu mirefu na tumbo kubwa. Tukiwa tunavutwa, Probox ilipita pembeni polepole, dereva wake akiwa anajua ni wapi pa kukanyaga, akatupungia mkono.

Ni haki niseme pia kwamba hata SUV ndogo yenye kuvuta magurudumu manne si Land Cruiser; haina gia nzito ya kutambaa, na ikiwa na matairi yaliyokauka itakwama palepale nilipokwama mimi. Gari la chini lenye matairi mapya lina nafasi nzuri kuliko la juu lenye matairi ya mwaka 2014. Lakini haya niliyajua nikiwa nimekwisha kulipa.

Kurudi kutoka Idi tuligundua kasoro nyingine, ndogo ila haisahauliki. Mama alitupa asali, gunia la simsim na jogoo mmoja. Katika sedani buti ni chumba chenye mlango wake, na mzigo unasafiri peke yake. Katika SUV mzigo uko nyuma ya visogo vya watoto, hewa ni moja. Jogoo alijifungua kamba mahali fulani karibu na Karuma. Watu wanaofikiri gari la juu linabeba zaidi wahesabu pia viti: vyetu vilikuwa vitano, sawasawa na vya Premio. Familia inayohitaji viti saba itafute gari la viti saba, isijidanganye kwa urefu wa paa.

Machi 2023 nililiuza kwa milioni 25 na nusu. Mwanzoni nilitaka 30, nikakaa nalo miezi miwili nikiwaonyesha watu ambao kila mmoja alikuja na fundi wake, kama ilivyopasa. Nikaongeza milioni moja na nusu, tukanunua sedani ya mwaka 2008 ya injini ya cc 1,800 kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akihamia Mbarara. Fundi nilimlipa mimi, shilingi 100,000, akaja saa 12 na nusu asubuhi kabla mwenye gari hajaliwasha, akakuta bushi moja imekufa na betri imechoka, tukapunguziwa 400,000.

Kabla ya kulipa nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nilipima kwa rula urefu kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari, nikapata sentimita 15 na nusu. Kisha tukakaa wote watano ndani na mizigo ya Jumamosi kwenye buti, kijana wa mwalimu akapima tena, ikawa 12. Nikakata fimbo ya mti ya sentimita 12, nikatembea nayo njia yetu kutoka lami hadi getini, mita kama 900, nikiisimamisha kwenye kila fereji na kila jiwe. Majirani walidhani nimeitwa na halmashauri. Fimbo ilishindwa mahali pawili tu: kwenye mfereji unaokata njia karibu na duka la mkaa, na kwenye jiwe lililochomoza mbele ya nyumba ya Hajati wa kona.

Sehemu mbili hizo ndizo zilizokuwa zikinifanya niamini kwamba Kira haifai sedani. Tuliitana wenye nyumba 11, kila mmoja akatoa shilingi 85,000, tukanunua kalvati moja na malori mawili ya changarawe, na jiwe likavunjwa na vijana wawili kwa nyundo kwa siku moja. Jumla ilikuwa shilingi 935,000, kiasi ambacho gari langu la zamani lilikuwa linakinywa kwa mwezi mmoja wa foleni. Kila mvua kubwa tunarudia kidogo, na Hajati huchanga wa kwanza ingawa hana gari.

Sedani inakwenda kilomita 11 kwa lita kwenye foleni ileile. Kwa bei ya 5,300 tuliyokuwa nayo mwaka ule, tulitumia karibu 480,000 kwa mwezi, wakati gari la juu lingetaka karibu 760,000. Nilifunga bamba la chuma chini ya sampu, kile chombo cha oili kilicho chini ya injini, kwa 120,000, na ninamshauri yeyote mwenye gari la chini asingoje mpaka sampu ipasuke. Yumbe tumekwenda nayo Desemba mbili. Wakati wa mvua tunapanda basi hadi Koboko, na nauli ya watu watano kwenda na kurudi, ingawa inauma siku ya kuilipa, haijawahi kufikia tofauti ya petroli ya miezi miwili. Isitoshe, lami inajengwa kutoka Koboko kupitia Yumbe hadi Moyo, zaidi ya kilomita 100, na ikikamilika hoja yangu yote ya mwaka 2021 itakuwa imezikwa chini yake.

Sitaki kueleweka kwamba gari la juu ni upuuzi. Rafiki yangu ni afisa ugani huko Kapchorwa, anapanda milima ya matope siku nne kwa wiki, na kwake sedani ingekuwa ujinga. Yeye barabara mbaya ni kazi yake, mimi ilikuwa ziara yangu. Mwenye kununua ahesabu kilomita zake za mwezi mmoja wa kawaida, aandike ngapi ni lami, ngapi ni vumbi na ngapi ni tope kweli, kisha aseme kama anataka kulipia tope kila siku.

Kuna mahali pamoja ambapo sedani imetushinda, na sijapata jawabu. Mwaka jana Mama alikuja Kampala kutibiwa magoti, na katika gari la zamani alikuwa akigeuka tu na kuteremka, kiti kikiwa sawa na kiuno chake. Katika hili ilibidi ajishushe kama anayeingia shimoni, na kutoka ilikuwa mimi namvuta mikono miwili huku mke wangu akimsukuma mgongoni, mlinzi wa hospitali ametusimamia na mwavuli. Tumejaribu blanketi lililokunjwa mara nne juu ya kiti, likamwinua kichwa hadi darini. “Mwanangu,” aliniambia siku ya pili, akiwa amekamata mlango na kupumzika, “gari lenu zuri, ila mnanikalisha mkekani kama niko matangani.” Kurudi Yumbe alikataa tumpeleke. Alisema basi lina ngazi.